Una watoto 90 na kipindi cha dakika 40? Hivi ndo unavyoweza kuwafanya wafikiri wenyewe

Walimu wenzangu tuongee ukweli. Ukifungua andalio la somo kwenye shule zetu nyingi za msingi utakuta safu ya shughuli za mwalimu imejaa mpaka pomoni, kuongoza, kufafanua, kuonesha, kusahihisha, halafu upande wa mwanafunzi imeandikwa "kusikiliza kwa makini na kujibu maswali". Basi. Wale wajanja wanaandika "kujadili katika vikundi" kwa sababu wanajua mdhibiti ubora (mkaguzi wa shule) akipita anapenda kuliona hilo neno, ila kipindi chenyewe ni kile kile, mwalimu anaongea weee mpaka jasho linamtoka, mwisho anauliza "tumeelewana?", darasa zima "ndiyooo mwalimuu", kengele.

Mimi naona tumelikuza hili jambo mpaka linatisha bure. Kufundisha kwa kumweka mwanafunzi katikati sio kupanga madawati duara wala kununua manila na makapeni. Ni swali moja tu la kujiuliza, kwenye hizi dakika 40 nani anafanya kazi ya kufikiri? Kama ni wewe peke yako basi hata ukiwapanga maumbo yote ya jometri bado umehubiri tu. Na hili halijaletwa na mtaala ulioboreshwa ulioingia madarasani Januari 2024, wala ule wa sekondari wa 2005. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alishataka shule imtoe mtoto mwenye akili ya kudadisi, anayejua kujifunza kwa wengine akachukua linalomfaa na kuacha lisilomfaa, na anayejiamini. Kwa hiyo kwenye makaratasi tuko vizuri tangu zamani, kazi ipo Jumatatu saa mbili asubuhi, dawati moja limebeba watatu na vitabu havitoshi.

Nitatumia mada moja ili tusipotezane, sehemu (zile za 1/2 na 1/4), hisabati ya darasa la nne au la tano, kwa sababu hapo ndo watoto wengi wanaachwa na treni na hawalipati tena mpaka sekondari.

Hatua ya 1: Jua kwanza nani anaongea darasani kwako

Mwombe mwalimu mwenzako mnayeelewana akae nyuma kipindi kimoja na kalamu na karatasi. Asikukague, achore tu ramani ya madawati na kila mtoto akifungua mdomo peke yake aweke alama. Kuitikia kwa pamoja hakuhesabiwi, maana wakiitika wote huwezi jua nani kaelewa na nani kafuata upepo. Mara nyingi utakuta alama zimerundikana kwa watoto wale wale wa mbele, wale unaowajua mpaka kwao, na upande wa ukutani kuanzia katikati kwenda nyuma kweupe. Usibishane na hiyo karatasi, ihifadhi, utaihitaji.

Kama shuleni kwenu MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, inafanyika kweli (sio ile ya kusaini tu) basi hii ndo kazi nzuri ya kufanya huko, mnazungukiana.

Hatua ya 2: Chagua kipindi kimoja kwa wiki, sio vyote

Ukitaka kugeuza vipindi vyote kwa mpigo utachoka wiki ya pili urudi kwenye kuhubiri na useme hizi mbinu ni za Wazungu wenye watoto 20. Chukua kimoja, cha mada ambayo miaka yote watoto wanaikosa. Vingine endelea kama kawaida, na hakuna dhambi yoyote kumweleza mtoto jambo moja kwa moja pale linapohitaji kuelezwa. Mtoto hawezi "kugundua" kwamba namba ya juu kwenye sehemu inaitwa kiasi na ya chini asili, hilo mwambie tu maisha yaendelee.

Hatua ya 3: Andaa swali moja lenye mtego

Hapa ndo penye kazi, na ndo kazi ya kufanya jioni nyumbani badala ya kunakili nukuu ndefu. Swali la "sehemu ni nini?" halifai, jibu lake ni la kukariri. "Je, 1/4 ni sehemu?" ndo kabisa, wataitika ndiyooo. Unataka swali ambalo mtoto aliyeelewa na ambaye hajaelewa watajibu tofauti, na yule ambaye hajaelewa ana sababu nzuri tu kichwani ya kukosea.

Andika ubaoni: Ipi ni kubwa, 1/4 au 1/8?

Watoto wengi watakwambia 1/8. Wana akili timamu kabisa, maisha yao yote tumewafundisha 8 ni kubwa kuliko 4, leo tunageuka. Hiyo imani hauiondoi kwa kumwambia "asili ikiwa kubwa sehemu inakuwa ndogo, andikeni", ataandika, atakariri, kwenye tesiti atachanganya iko upande gani. Lazima aione imani yake inagonga ukuta.

Ukipata maswali matano ya aina hii kwa muhula kwa kila somo unalofundisha wewe uko mbali sana. Njia rahisi ya kuyapata, pekua daftari za mwaka jana angalia kosa gani limerudiwa na watoto wengi. Kwa mfano kosa la 1/2 + 1/3 = 2/5, lile ni dhahabu, usilipite.

Hatua ya 4: Peke yako, na jirani, halafu darasa

Hii kitu Mmarekani mmoja, Frank Lyman, aliipa jina mwaka 1981 lakini kwa watoto 90 dawati tatu tatu inafanya kazi kana kwamba ilibuniwa Kahama. Iko hivi.

Kwanza kimya. Kila mtoto aandike jibu lake kwenye daftari, dakika moja, bila kumwangalia mwenzake. Usiongee! Najua mdomo utawasha, utataka kusema "kumbukeni tulichojifunza jana", nyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe aliwapima walimu miaka ya 1970 akakuta wengi wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtoto au kujijibu wenyewe, na wakivuta hadi sekunde tatu au zaidi majibu yanakuwa marefu na watoto wengi zaidi wanajaribu. Sekunde tatu! Hesabu moyoni hata hadi tano, hakuna atakayekufa.

Kisha kura. Wafumbe macho, vidole juu kifuani, kimoja kama 1/4, viwili kama 1/8, vitatu kama ni sawa. Kufumba macho sio mchezo, mtoto akiona Asha wa mbele kanyoosha viwili wote 90 watanyoosha viwili. Wewe zungusha macho, usioneshe uso. Usiseme "mmh", usitabasamu, watoto wanasoma sura ya mwalimu kuliko ubao.

Halafu wageukie jirani. Dawati la watatu lina tatizo lake, wawili wanaongea na wa tatu anahesabu bati, kwa hiyo gawa kazi kwa nafasi waliyokaa: wa ukutani anaeleza jibu lake, wa katikati kazi yake ni kubisha hata kama anakubali, wa njiani atasema darasani walichofikia. Kipindi kijacho wanazungusha. Mpe yule mbishi sentensi ya kuanzia, "Mimi sikubali kwa sababu...", iandike ubaoni. Watoto wetu wamelelewa kwamba kubisha ni utovu wa adabu, na wenye hiyo adabu ya kupita kiasi utawaona wanaongea kwa kunong'ona huku wanakuangalia kama wanavunja sheria. Ukiwaandikia ubaoni umewapa ruhusa.

Dakika tatu zinatosha. Ukiwapa kumi wataongea mambo ya mpira.

Hatua ya 5: Karatasi mkononi

Sasa bado hujatoa jibu. Kura imegawanyika, wengine wameshaanza kugombana, safi. Gawa karatasi, moja kwa kila dawati. Tumia karatasi za mitihani ya zamani au boksi la dukani. Usiwaambie wachane daftari, kesho mzazi atakuja kukuuliza wewe unalipa?

Wakunje katikati mara moja, wapake rangi au wachore mistari upande mmoja, hiyo nusu. Wakunje tena, robo. Wakunje tena, wafungue wahesabu vyumba, nane. Waulize dawati: oneshaneni 1/4 kwa kidole, oneshaneni 1/8. Kimya kinaingia halafu unasikia "aaaah" inatoka kona moja, kisha nyingine, na kuna mtoto atasimama kabisa. Wewe hujasema kitu.

Ila usikimbilie kufunga hapa, kwa sababu sehemu tamu ndo inakuja. Bandika ubaoni manila nzima iliyokunjwa vyumba nane, chumba kimoja kimepakwa rangi, na pembeni yake kikaratasi cha ukubwa wa kiganja kilichokunjwa vinne, kimoja kimepakwa. Uliza tena: ipi kubwa? Sasa 1/8 inaonekana kubwa kwa macho kabisa! Wale waliosema 1/8 mwanzo watashangilia, wale waliosema 1/4 watakasirika, warudishe kwa majirani dakika mbili. Kuna mtoto, na mara nyingi sio yule wa mbele, atasema kitu kama "lakini mwalimu karatasi hazilingani, huwezi kulinganisha". Hapo umemaliza. Kanuni kwamba unalinganisha sehemu za kitu kizima kilekile ni jambo ambalo vitabu vinalipita juu juu, na hapa limetoka kwenye mdomo wa mtoto wa darasa la nne wa dawati la nyuma. Andika maneno yake ubaoni kama alivyosema, usiyanyooshe, na uandike jina lake pembeni.

Baada ya hapo ndo unaeleza. Dakika tano, kwa uwazi, na mifano miwili ya kufanya wenyewe. Maelezo ya mwalimu yanaingia vizuri sana kwa mtoto ambaye ameshasumbuka na swali.

Hatua ya 6: Kelele

Watoto 90 wakiongea kwa pamoja mwalimu mkuu anatoka ofisini, hili lazima ulipange mapema. Nenda umwambie siku moja kabla, na mwalimu wa darasa la jirani pia, wajue ni kazi sio fujo. Kwa watoto fundisha sauti mbili, sauti ya dawati (jirani anasikia, dawati la nyuma halisikii) na sauti ya darasa. Wafanyishe mazoezi kama kwaya kabla ya somo lenyewe. Na alama ya kurudi iwe moja tu, makofi ya mpangilio fulani unapiga wanajibu, au mkono juu na kila anayeuona ananyoosha wa kwake mpaka wote. Usipige meza, ukipiga meza utapiga meza milele.

Hatua ya 7: Fimbo weka ofisini

Ntasema kifupi kwa sababu najua inaleta ubishi. Kanuni zetu Tanzania zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu na kwa idhini ya mkuu wa shule. Kukosa jibu la sehemu sio kosa la nidhamu. Wenzetu Kenya walipiga marufuku kabisa tangu 2001. Lakini hata tuache sheria, mtoto anayejua akikosea anachapwa au darasa linaambiwa limcheke atafanya jambo la busara kabisa, atakaa kimya. Halafu sisi ofisini tunalalamika watoto wa siku hizi hawajishughulishi. Ukitaka wakupe majibu yao halisi, pamoja na yale ya ovyo, basi jibu la ovyo lisiwe na bei. Akikosea mwambie "nieleze ulivyofikiria", kwa sauti ile ile unayotumia kwa aliyepatia, maana ukimuuliza "una uhakika?" aliyekosea peke yake watashtuka mchezo siku ya pili tu.

Hatua ya 8: Wale wasioongea

Toa ile ramani ya Hatua ya 1. Andika majina ya darasa zima kwenye vipande vidogo vya karatasi, weka kwenye kopo, chomoa wa kujibu. Kwa kuwa wameshaongea na majirani hakuna anayesimama mikono mitupu, na anaweza kusema "sisi tulifikiri", sio "mimi". Inapunguza sana aibu. Aliyejibu jina lake linarudi kwenye kopo, ukilitoa ataenda likizo mpaka mwisho wa kipindi.

Kwa walimu wa kidato cha kwanza kuna jambo la ziada, lugha. Mtoto katoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili miaka yote, leo anaambiwa ajadili usanisinuru kwa Kiingereza na ukutani kuna bango linamkataza Kiswahili. Hajadili, ananakili. Mimi ningesema waache wajadiliane na jirani kwa Kiswahili, wawasilishe kwa Kiingereza, na uwape ubaoni maneno sita ya Kiingereza watakayohitaji. Mtihani ni wa Kiingereza ndiyo, lakini huwezi kuandika kwa Kiingereza wazo ambalo hulina kwa lugha yoyote.

Hatua ya 9: Wakishazoea, jaribu fumbo la vipande

Hii ni ya madarasa ya juu, na usiianze mwezi wa kwanza. Aliyeibuni ni mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 kule Austin, Texas, shule zilipoanza kuchanganya watoto weusi, weupe na wenye asili ya Meksiko wakawa wanachukiana, akatafuta njia ya kila mtoto kumhitaji mwenzake ili afaulu.

Tuseme unafundisha Historia ya Tanzania na Maadili, Vita vya Maji Maji. Andaa vipande vinne vya nusu ukurasa. A, hasira ilitoka wapi: pamba ya kulazimishwa, kodi, na jinsi watu wa Matumbi walivyong'oa pamba Nandete Julai 1905. B, mganga Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe na yale maji ya kuzuia risasi. C, Wangoni na kunyongwa kwa viongozi wao Songea Februari 1906. D, Wajerumani walivyochoma mashamba na maghala na njaa iliyofuata. Safu ya kwanza ya madawati wote wanasoma A, ya pili B, hivyo hivyo, wanajadili mpaka kila mmoja anaweza kueleza bila karatasi. Kisha wanachanganyika, A mmoja B mmoja C mmoja D mmoja, kila mtu anafundisha wenzake kipande chake, na swali la mwisho liwe ambalo kipande kimoja hakikutoshi: kwa nini watu waliokuwa hawaelewani waliungana, na ilikuwaje wakashindwa?

Kuchanganyika ndo kwenye balaa kwa watoto 90, kwa hiyo A na B wanabaki wamekaa, C na D ndo wanahama. Fotokopi hakuna? Nakala moja kwa dawati inatosha, au vipande viandikwe kwenye manila vibandikwe kona nne za darasa. Na toa vipindi viwili vilivyofuatana, kimoja hakitoshi usijidanganye.

Nakuomba tu usitume watoto wakanunue vifaa. Kenya mtaala wao wa umahiri, ulioanza kwa majaribio 2017 na kusambazwa 2019, umepigiwa kelele sana na wazazi kwa sababu ya haya mambo ya lete manila, lete gundi, printi hiki, mwisho kazi ya mtoto anaifanya baba usiku. Boksi la sabuni linatosha.

Hatua ya 10: Kikaratasi cha kutokea

Dakika tano za mwisho kila mtoto ajibu swali moja kwenye kikaratasi, mfano "Panga kuanzia ndogo: 1/3, 1/6, 1/2. Umejuaje?" Usijaribu kusahihisha 90, utaacha wiki hiyo hiyo. Kusanya vya madawati 10 tu, leo haya kesho mengine, ni kama vikaratasi 30, havizidi robo saa. Usiweke alama, gawa marundo matatu: wamepata na sababu wanayo, wamepata ila sababu haieleweki, wamekosa. Rundo la katikati ndo la kusoma kwa makini. Humo utamkuta mtoto aliyeandika 1/6, 1/3, 1/2 sawasawa kabisa halafu akaeleza "nimegeuza tu kwa sababu mwalimu alisema ni kinyume". Huyo mtihani utasema kaelewa, na akifika 2/3 na 3/4 atazama.

Kuhusu kumaliza silabasi, maana najua ndo swali lako. Kipindi kama hiki kinakula muda zaidi ya kuhubiri, hilo sikufichi. Unaurudisha kwenye marudio, zile wiki za kufundisha upya mada za nyuma kwa sababu tesiti imekuja mbaya, na kwenye nukuu, acha kuandikisha ukurasa mzima ubaoni kitu ambacho kipo kitabuni. Kwenye andalio la somo andika vitendo vinavyoonekana: anaandika jibu lake, anabishana na jirani, anakunja karatasi, anaeleza kwa maneno yake. Mdhibiti ubora akija mpe na yale marundo matatu aone mwenyewe.

Kipindi kinachofuata anza na kikaratasi kimoja cha rundo la katikati, bila jina, ukiandike ubaoni kama kilivyo, na uwaulize madawati: mnakubaliana na huyu?